Skrubu Inayojua Kurudi Nyuma

Ukifika mwaka wa nne wa uhandisi hapa chuoni, salamu zinabadilika. Hakuna tena "mambo vipi?", kila unayekutana naye anauliza, "Projekti yako inahusu nini?" Majibu nayo yameshazoeleka. Kuna mwenye droni ya kunyunyizia dawa mashambani, kuna mwenye pipa la taka linalotuma meseji likijaa, kuna wawili watatu wanaomwagilia bustani kwa umeme wa jua. Ikifika zamu yangu nasema, "Skrubu." Kinapita kimya kidogo, halafu kicheko. "Skrubu? Zile za dukani, za kufungia bawaba?"

Ndiyo, skrubu. Ila hii inafungwa kwenye nyonga ya mtu.

Swali hilo nimelijibu mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya ubwabwa, na foleni ikisogea jibu linakatika katikati. Nimeomba nafasi kwenye jarida letu nijibu mpaka mwisho, maana nyuma ya skrubu hiyo kuna jambo ambalo nadhani linamhusu kila anayesomea kutengeneza kitu, hata kama hajawahi kukanyaga wodi.

Tuanze na mfupa wenyewe. Weka kiganja ubavuni mwa paja, kule juu, mpaka uhisi nundu ngumu. Wengi wetu tukisema "nyonga" tunagusa hapo, lakini kiungo chenyewe kiko ndani zaidi. Mfupa wa paja ukipanda kutoka gotini haufiki kwenye kiungo moja kwa moja. Ukifika kwenye ile nundu unapinda kuelekea ndani, unapita kwenye shingo nyembamba, kisha unaishia kwenye kichwa cha mviringo kama mpira, kilichokaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Ni kama tawi lililotundikwa mzinga wa nyuki: mzigo hauko juu ya shina, uko pembeni, kwa hiyo muda wote tawi linataka kupinda.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Mjini Berlin, Ujerumani, kundi la watafiti la Georg Bergmann lilitumia nyonga za bandia zenye vipimo ndani yake, wagonjwa wakawekewa, na nguvu inayopita kwenye kiungo ikapimwa wakiwa wanatembea. Hatua ya kawaida inabebesha nyonga takribani mara 2 na nusu ya uzito wa mwili, kwa sababu misuli inayotuzuia tusilalie upande nayo inavuta. Maana yake mtu wa kilo 60 anaibebesha nyonga yake kama kilo 150 kwa kila hatua. Akijikwaa, mzigo unaweza kupita mara 7 ya uzito wake. Kijana anajikwaa, anasonya, anaendelea na safari. Mzee ambaye mifupa yake imeshakuwa myepesi ndani kama mkate, hali ni nyingine.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Muheza. Masika ya mwaka juzi alikuwa anatoka kwenye banda la kuku asubuhi, akateleza kwenye udongo, akaangukia ubavu. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala ngazi, alianguka kutoka kimo chake mwenyewe. Alipoinuliwa, mguu wa kulia ulionekana mfupi kuliko wa kushoto na unyayo umegeukia nje. Jirani mmoja akasema ameteguka tu, aitwe mzee wa kukanda. Mama Mdogo akakataa, akatafuta gari.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umevunjika chini ya shingo, kwenye eneo la ile nundu. Hapa kuna jambo la kujua, kwa sababu kuvunjika nyonga si kwa aina moja. Shingo yenyewe ikikatika, mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa inaweza kukatika nayo, na kichwa kikafa hata kama chuma kimekaa vizuri. Ndiyo maana wazee wengi ambao shingo imekatika na vipande vimehama hubadilishiwa kichwa, wakawekewa cha bandia, na vijana hufungwa skrubu, mara nyingi 3 zinazokwenda sambamba. Mvunjiko wa Bibi ulikuwa chini ya hapo. Pale damu ni nyingi na mfupa kwa kawaida unaunga. Shida yake ni misuli mikubwa ya paja na makalio inayovuta vipande huku na kule, na vikiachwa hivyo vinaunga vibaya.

Basi kikaanza kikao cha familia, kwa simu. Mjomba alikuwa na msimamo wake. "Mama ana miaka 78. Mnataka kumpeleka kwenye kisu kwa lipi? Alazwe, mguu uvutwe kwa uzito, mfupa utaunga wenyewe. Wazee wetu wote walitibiwa hivyo." Na Mjomba hakuwa anasema upuuzi. Mguu kuvutwa kwa uzito ni tiba halali, imetumika miaka mingi, na mfupa wa eneo lile unaweza kuunga kwa njia hiyo. Gharama yake iko kwenye siku. Ni wiki nyingi, mara nyingi miezi miwili mpaka mitatu, mzee amelala chali. Hapo ndipo vinapoingia vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda kwenye miguu, na misuli kuisha.

Upande wa pili kulikuwa na pesa. Upasuaji, chuma, usafiri na watu wa kukaa na mgonjwa, vyote kwa pamoja vilihitaji kuuza machungwa ya Bibi ya msimu mzima yakiwa bado mtini, kwa bei anayotaka mnunuzi. Kwa anayetoka Muheza sina haja ya kueleza maana ya maneno hayo. Mama akanipigia usiku.

"Baba, wewe si ndiye unasoma mambo ya vyuma huko? Hebu tuambie, hicho chuma kitashika, au tunauza machungwa bure?"

Nilikuwa mwaka wa pili. Vyuma nilivyokuwa nasoma ni vya mashine na madaraja. Nikamwomba Mama anipe mpaka kesho jioni, nikakaa maktaba mpaka wakazima taa, kisha nikaendelea kwenye simu. Kesho yake sikuwaahidi kitu. Niliwaeleza nilichokielewa: kwamba kitanda kinaweza kumuumiza Bibi kuliko mfupa wenyewe, na kwamba chuma hicho kiliundwa ili mzee aamke kitandani mapema. Mjomba akauliza swali moja tu, "Na daktari amesema nini?" Daktari alikuwa amesema vilevile. Machungwa yakauzwa.

Hospitali ya kwanza ilikuwa na daktari lakini haikuwa na ile mashine ya eksirei inayotumika ndani ya chumba cha upasuaji, kwa hiyo Bibi alihamishiwa kwingine. Upasuaji ukaenda vizuri. Tukadhani mabishano yamekwisha, kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza upya.

Asubuhi iliyofuata alikuja dada wa mazoezi ya viungo na kigari cha kushikilia, akasema Bibi asimame, akanyage. Nusu ya ukoo ilikuwa pale wodini. Mama Mkubwa akasema haiwezekani, kidonda hakijakauka. Mjomba akasema chuma kipya lazima kizoee kwanza. Bibi mwenyewe, ambaye tangu nikiwa mdogo ananiita mume wake, akanigeukia:

"Mume wangu, mimi nikikanyaga hapa, chuma chenu kikakatika, nani atanirudishia machungwa yangu?"

Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la haki. Kwa kweli ndilo swali lililowasumbua mabingwa wa mifupa kwa miaka mingi: mgonjwa akikanyaga, nini kinatokea kwa chuma?

Mwaka 1925, mjini Boston, daktari Marius Smith-Petersen, mzaliwa wa Norway, alianza kutumia msumari wenye mapezi matatu kushikilia shingo ya mfupa wa paja. Mapezi yalizuia kichwa kisizunguke. Mwaka 1932 Sven Johansson wa Sweden alieleza msumari wenye tundu katikati, ili upite juu ya waya mwembamba ulioelekezwa kwanza kwa msaada wa eksirei. Wazo la waya wa kuongozea linatumika mpaka leo. Lakini kwa mvunjiko wa chini, kama wa Bibi, msumari peke yake hautoshi. Lazima ushikwe na bamba la chuma linalofungwa ubavuni mwa paja. Mwaka 1941 Mmarekani Eugene Jewett alitoa kifaa ambacho msumari na bamba ni kitu kimoja.

Mwanafunzi wa uhandisi akiona picha ya kifaa cha Jewett anakipenda mara moja. Kigumu, hakina sehemu ya kulegea, hakina cha kupotea. Tatizo ni kwamba mfupa uliovunjika hautulii palepale. Wakati wa kupona kingo zake zinaliwa kidogo, na vile vipande vidogo vilivyosagika vinaacha nafasi. Vipande viwili vikubwa vinataka kusogeleana ili vigusane. Kifaa cha Jewett hakiruhusu. Mgonjwa akikanyaga, kichwa cha mfupa kinashuka, msumari umesimama palepale, na ncha yake inatoboa kichwa na kutokea ndani ya kiungo. Au mfupa ukigoma kutobolewa, chuma kinabeba mzigo peke yake hatua baada ya hatua mpaka kinachoka na kukatika.

Unaweza kuliona jambo hili mezani. Chukua kiazi kilichochemshwa, kichomeke kijiti, shikilia kijiti kisisogee, kisha kisukume kiazi. Kijiti ni kizima, kiazi kimepasuka. Sasa tumia msumari badala ya kijiti. Matokeo ni yaleyale, pengine mabaya zaidi.

Jibu la haraka la kihandisi ni kuongeza unene. Darasani tunafundishwa kwamba fimbo ya duara ukiizidishia kipenyo mara 2, ugumu wake wa kupinda unapanda mara 16. Ni kweli, lakini mfupa wa mzee unabaki uleule. Chuma kisichoshika kutu kinachotumika hospitalini kina ugumu unaokaribia mara 10 ya ule wa ganda gumu la nje la mfupa. Na ndani ya kichwa cha mfupa hakuna hilo ganda, kuna mfupa wenye vitundu kama sponji. Ukiongeza nguvu ya chuma tu, unazidi kumwonea asiyekuwa na nguvu.

Suluhisho lilitoka karakana. Ernst Pohl hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali mjini Kiel, Ujerumani, aliyefanya kazi na daktari Gerhard Küntscher, yule aliyejulikana kwa fimbo za chuma zinazopita ndani ya mfupa. Mwaka 1951 Pohl alipata hataza ya skrubu inayoteleza. Skrubu kubwa inaingia kwenye kichwa cha mfupa. Mkia wake hauna meno, ni laini, na unaingia ndani ya bomba fupi lililoungana na bamba. Bamba linafungwa ubavuni mwa paja kwa skrubu ndogo. Mkia unateleza ndani ya bomba kama mti wa pampu ya baiskeli.

Mgonjwa akikanyaga, kichwa cha mfupa kinasukumwa, skrubu inarudi nyuma ndani ya bomba milimita chache, na vipande viwili vya mfupa vinakutana na kubanana. Vikishabanana, mfupa unaanza kubeba mzigo wake mwenyewe, na chuma kinapumzika. Uzito uleule uliokuwa unaharibu kifaa cha zamani sasa ndio unaokaza mvunjiko.

Hiyo ndiyo picha niliyomchorea Bibi nyuma ya bahasha ya eksirei, pampu ya baiskeli na yote. Nikamwambia, "Bibi, hiki chuma kinakusubiri wewe. Usipokanyaga, hakina kazi." Akaangalia mchoro, akamwangalia Mjomba, akasema, "Kumbe mimi ndiye fundi." Akashika kigari, akasimama. Siku ile alipiga hatua nne, akarudi kitandani anatweta. Dada wa mazoezi akasema zinatosha.

Tangu siku hiyo nilianza kuitazama skrubu ile kwa jicho la karakana, na kila ukiitazama unakuta uamuzi wa mtu. Chukua meno yake. Skrubu ndogo za bamba, zenye kipenyo cha mm 4.5, zina meno mafupi yaliyokaribiana, kwa sababu zinashika ganda gumu la nje. Ile kubwa, ambayo kwenye meno kipenyo chake ni kama mm 12.5, ina meno marefu yaliyoachana, ili kati ya jino na jino ibaki sponji ya kutosha kushikika. Seremala anaelewa hili bila darasa. Skrubu ya mninga huifungi kwenye mbao laini ukategemea ishike.

Chukua mkia. Kwenye vifaa vingi umechongwa ubapa pembeni, na bomba nalo lina ubapa wa kulingana, ili skrubu iteleze bila kuzunguka. Chukua pembe kati ya bomba na bamba. Iliyozoeleka ni nyuzi 135. Pembe kubwa zaidi, mathalani 150, inafanya skrubu iteleze kwa urahisi kwa sababu inakaribia kufuata mwelekeo wa mzigo, ila ni vigumu zaidi kuiingiza ikafika katikati ya kichwa. Chukua urefu wa bomba. Mkia ukishikwa na sehemu fupi mno ya bomba, unakaa upande na kukwama, kama droo ya kabati iliyovutwa karibu yote nje. Na skrubu ya kuteleza ikikwama, umerudi kwa Jewett bila kujua.

Halafu kuna mkono wa daktari, ambao hakuna mchoro unaoweza kuuziba. Mwaka 1995 Michael Baumgaertner na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa mivunjiko 198 iliyofungwa kwa vifaa vya namna hii. Walipima umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa cha mfupa kwenye picha mbili za eksirei, ya mbele na ya ubavuni, wakajumlisha. Skrubu 16 zilikuwa zimetoboa kichwa na kutoka. Kati ya skrubu 120 ambazo jumla hiyo haikuzidi mm 25, hakuna hata moja iliyotoka. Sentimita 2 na nusu. Kifaa ni kilekile, bei ni ileile, tofauti ni ncha imeishia wapi.

Nilipousoma utafiti huo nilielewa kwa nini Bibi alihamishwa hospitali. Bila kuona picha wakati waya wa kuongozea unaingia, daktari anategemea uzoefu na picha za kusubiri, na milimita hazisubiri.

Nisiuze kitu kizuri kuliko kilivyo. Kuteleza kuna gharama. Skrubu ikirudi nyuma, mguu nao unafupika kidogo. Wa Bibi umefupika, na fundi viatu wa sokoni amemwongezea soli kwenye kandambili ya kulia, kazi ya nusu saa. Tena kuna mivunjiko ambayo skrubu hii haifai. Ufa ukikata kwa mshazari wa kinyume, kuteleza hakubananishi vipande, kunavitenganisha. Hapo madaktari hutumia fimbo inayopita ndani ya mfupa wa paja, na skrubu ya kichwa inapita ndani ya fimbo hiyo. Kujua wapi usitumie kifaa ni sehemu ya kukijua.

Sasa turudi kwenye projekti. Mimi na mwenzangu hatutengenezi skrubu ya kumwekea mtu. Hilo lina sheria zake, vibali vyake na miaka yake. Tumetengeneza kifaa cha kufundishia, cha kumwonyesha mwanafunzi wa udaktari na ndugu wa mgonjwa nini kinatokea ndani. Fundi mmoja wa Gerezani, Kariakoo, alitukerezea fimbo na bomba kwa vipimo tulivyompa. Nyonga ni sponji ngumu iliyokatwa kwa umbo la kichwa na shingo. Kwanza tulijaribu mifupa ya ng'ombe kutoka buchani, tukagundua ng'ombe wa buchani ana mfupa mgumu mno kumwakilisha bibi wa miaka 78. Upande mmoja tumefunga kifaa kisichoteleza, upande wa pili kinachoteleza, na mzigo unapanda na kushuka kama mtu anayetembea. Upande wa kwanza, mbele ya macho yako, ncha inaanza kuchungulia juu ya sponji. Upande wa pili ufa unafumba. Wanaokuja kutazama hunyamaza hapo. Mhadhiri wetu anasema ndiyo maksi zetu zilipo, sisi tunaomba kamati nayo ione hivyo.

Katika kazi hii kuna mtu mwingine ninayemfikiria mara kwa mara. Daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999 huko Richland, jimbo la Washington. Fimbo yao ya ndani ya mfupa iliundwa ili daktari aweze kuifunga skrubu zake hata kama chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei, kwa kutumia kiongozi cha nje na kwa kuhisi tundu kwa kifaa maalumu. Inatumika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili ni mahali pamoja ilipotumika na kufanyiwa utafiti. Zirkle angeweza kusema, "Nunueni mashine kwanza, kisha mtumie chuma changu." Alianza na chumba kama kilivyo.

Naona Pohl alifanya vivyo hivyo. Waliomtangulia walitaka mfupa utulie, mgonjwa atulie, mzigo usogee pembeni. Yeye alikubali kwamba mfupa utashuka na mgonjwa atakanyaga, akatengeneza njia ya kushukia. Sisi hapa tunafundishwa sana kupima nguvu, na ni sawa, jengo halisimami kwa maneno. Lakini ukikagua michoro ya projekti zetu nyingi, utakuta tumechora dunia ambayo umeme haukatiki, mtandao haupotei, barabara haina mashimo na mtumiaji amesoma maelekezo yote. Kifaa kigumu ndani ya dunia ya kufikirika. Siku kinafika Muheza, kinatoboa.

Ndiyo maana nawashauri mnaoingia mwaka wa tatu na kuanza kutafuta mada: kabla ya kufungua kompyuta, nendeni mahali kitu kitakapotumika. Omba ruhusa, kaa wodini siku nzima, kaa gereji, kaa kwenye mashine ya kusaga. Muulize muuguzi ni kifaa gani anakifunga kwa plasta kila wiki. Muulize mgonjwa anaogopa nini. Hofu ya Bibi ya kukanyaga ilinionyesha kipimo ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote nilichoazima: chuma hakijakamilika mpaka anayekibeba aelewe kwa nini aruhusiwe kukiegemea.

Wenzetu wa udaktari nao, milango ya karakana yetu iko wazi. Ninyi mnajua milimita 25 ziko wapi, sisi tunajua kukereza. Pohl na Küntscher walikuwa mji mmoja. Na sisi tuko mji mmoja, daladala mbili tu. Njooni mtazame ufa unavyofumba, halafu mtuambie ni chuma gani kinawasumbua.